Mlima Upunguzwe Juu, Pembeni Uachwe

Kibanda cha Kinyozi,
Chini ya kibao chenu,
Mjini bondeni.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Barabara na Njia za Baiskeli,
Ofisi Kuu, Mlimani juu.

Mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NJIA YA TATU, NA OMBI LA KUPUNGUZIWA MLIMA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, tena umekaa kwenye kiti chenye mto. Mimi pia ni mzima, ila kukaa ndiyo siwezi. Naandika nimesimama, karatasi nimeilaza juu ya kabati la mashine za kunyolea, na mwandiko ukiona unayumba, ujue ni magoti.

Nijitambulishe kwanza. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko pale barabara ya soko inapokutana na barabara ya mlimani, na kibao chenu cha njia za baiskeli mlikichimbia mbele ya mlango wangu, karibu kiasi kwamba mteja akikaa kwenye kiti anakiona ndani ya kioo, maandishi yamegeuka nyuma mbele. Kibao kinasema hivi: Njia ya Kwanza, Tambarare. Njia ya Pili, Vilima Vidogo. Njia ya Tatu, Mteremko. Halafu chini, kwa herufi nyekundu: PANDA NASI KILA JUMAMOSI. Pembeni mmeweka picha ya kijana aliye juu ya baiskeli, anacheka, meno yote nje. Meno hayo nitayarudia.

Mwaka huu nilinunua baiskeli. Sababu ilikuwa tumbo, ambalo lilikuwa limeanza kumfikia mteja kabla ya mashine. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, ndiye aliyelalamika kwanza. Alisema kila nikimnyoa kisogo anahisi anaegemea mto. Nikaenda kwa fundi baiskeli, jirani yangu, akaniuzia moja yenye matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Alinihakikishia kwamba baiskeli ile inajiendesha yenyewe, kazi yangu ni kuisindikiza tu. Wateja wakanibatiza jina la Gia, nami jina likanikaa vizuri, nikaanza kutembea kwa kulitanguliza.

Mke wangu aliitazama ile baiskeli, akasema hata yeye anajua kuendesha, kwao alikuwa akiendesha tangu msichana. Nilicheka. Nakuomba ukikumbuke kicheko hicho, Mheshimiwa, maana kitanitokea puani.

Baiskeli ya namna ile hailali nje. Ikalala sebuleni, na kabati la vyombo likahamia jikoni. Meza ikahamia ukumbini ili nipate nafasi ya kuigeuza magurudumu juu na kuifuta. Viti viwili vikaifuata meza. Mke wangu aliniuliza, kwa upole kabisa, yeye atahamishwa lini. Nilimjibu kwamba kwa sasa sebule inatosha.

Sasa, mama mkwe wangu anaishi huko juu mlimani, kupita hata ofisi zenu. Ana shamba la viazi, na magoti yake si ya jana. Mara mbili mke wangu aliniomba twende kumsaidia, mara mbili nilikubali, na mara mbili siku ilipofika nilikuwa mazoezini. Mazoezi maana yake ni kutoka kibandani hadi darajani na kurudi, Njia ya Kwanza, na kusimama katikati kupata chai. Mara ya tatu hakuniomba. Nilirudi nikakuta begi dogo halipo na funguo ziko juu ya kiti cha baiskeli, mahali ambapo alijua sitakosa kuangalia.

Baada ya siku chache za kimya akaniletea ujumbe kwenye simu. Naunukuu wote, kwa sababu kesi nzima imelala humo: "Jumamosi tunapanda. Ukija, nitashuka na wewe. Usipokuja, usijisumbue tena."

Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi nilipousoma. Nikainua macho, na macho yakatua kwenye kibao chenu: PANDA NASI KILA JUMAMOSI. Mheshimiwa, machozi yalinilengalenga. Nilielewa kwamba ukoo mzima wa mke wangu, kwa ajili yangu, umeingia kwenye mchezo wa baiskeli. Nilimwona shemeji yangu, kaka yake mke wangu, amekaa kwenye kiti chembamba. Nilimwona mama mkwe na magoti yake. Niliona wamezidisha kidogo, lakini upendo ni upendo. Jioni ile nikanunua jezi ya njano na kaptula ya kubana, ili nisiwaaibishe.

Baada ya utangulizi huo, naomba niorodheshe malalamiko.

1. KUHUSU NENO MTEREMKO

Nilianza safari Jumamosi asubuhi, nimekula, nimesali, nimepaka miguu mafuta. Nilichagua Njia ya Tatu kwa sababu ndiyo inayofika kwa mama mkwe, na kwa sababu kibao kilisema ni mteremko. Katika lugha tunayotumia huku bondeni, mteremko ni mahali ambapo kitu kikiachwa kinakwenda chenyewe. Hata mtu akipata cheo bila jasho tunasema kapata mteremko. Basi, nilipovuka tu nyumba za mwisho za mji, nikaacha kukanyaga pedali ili nianze kufaidi. Baiskeli ilikwenda yenyewe kweli, ila kinyumenyume, kurudi mjini.

Kando ya barabara palikuwa na mama anaanika nguo. Nikamuuliza kama hii ndiyo Njia ya Tatu. Akasema ndiyo. Nikamuuliza mteremko unaanzia wapi. Akainua mkono wenye shati bichi, akaonyesha juu kwenye mawingu, akasema unaanzia kule na unaishia hapa ulipo.

Ndipo nilipoelewa. Aliyeandika kibao aliandika akiwa ofisini kwenu, na ofisi yenu iko juu. Kwa mtu aliye juu, Mheshimiwa, kila barabara ni mteremko. Sikulaumu sana, kwa sababu hata mimi nikisimama nyuma ya mteja naona utosi tu. Uso wake sijui kama unalia. Lakini nakumbuka kwamba kile kioo changu, kilichokuwa kinasoma kibao nyuma mbele, mimi na wateja tulikicheka miezi yote, kumbe ndicho pekee kilichokuwa kinasema kweli.

2. KUHUSU KONA

Kona za Njia ya Tatu ni waongo. Samahani kwa neno, nimetafuta jingine sikupata. Kila kona ilinionyesha mwanga na anga tupu mbele, kama kwamba hapo ndipo mlima unapoishia. Nami nikaikanyagia kwa nguvu zote zilizobaki, na mara moja nilijaribu hata kucheka kama yule kijana wenu wa kibaoni, endapo meno ndiyo siri. Inzi aliingia. Nikikata kona, naukuta mlima mwingine umenisubiri.

Wahenga walisema milima haikutani. Labda haikutani yenyewe kwa yenyewe. Mimi ilinikuta, mmoja baada ya mwingine, kwa zamu, kama wageni wa mkono wa pole.

Naomba kila kona iwekewe kibao kidogo cha haki kisemacho: HII SIYO YA MWISHO. Ile ya mwisho yenyewe msiiwekee kitu. Mtu aipate kwa bahati yake.

3. KUHUSU WAENDA KWA MIGUU

Katikati ya mlima nilipitwa na bibi aliyebeba mzigo wa kuni kichwani. Sisemi kwamba alikuwa anakimbia. Alikuwa anatembea, tena anazungumza na simu. Aliponifikia alimwomba aliyekuwa akizungumza naye asubiri kidogo, akanipa pole, nikaitika, akanipita, akaendelea na maongezi. Mbele nilimkuta amekaa juu ya jiwe anapumzika. Akanipa pole tena. Nikampita, nikaona dunia imerudi kwenye mstari. Punde nikasikia kandambili nyuma yangu.

Mara ya tatu alinitazama kwa huruma ya kweli, huruma ambayo ingefaa mgonjwa wa wodini, akasema: "Baba, kama imeharibika, si uisukume tu?"

Baiskeli haikuwa imeharibika. Nilimjibu kwamba ndiyo, imeharibika, na nikashuka nikaisukuma ili maneno yangu yawe ya kweli. Fundi amesikia habari hizo na sasa haniamkii, anasema natia doa kazi yake.

Mwenda pole hajikwai, sikatai. Lakini si lazima anipite. Naomba itungwe sheria ndogo kwamba katika sehemu zenye mwinuko, mtembea kwa miguu asimpite mwenye baiskeli. Na kama ana haraka isiyozuilika, basi apite kimya, bila kutoa pole.

4. KUHUSU KITI CHA BAISKELI

Nimesema naandika nimesimama. Inatosha.

5. KUHUSU NENO KUPANDA

Hili ndilo lalamiko lenyewe. Hayo mengine yalikuwa ya kulisindikiza.

Nilifika kwa mama mkwe jua limeshalegea. Nilifika nikiwa nimepanda, maana nilipoliona paa la nyumba nilirudi juu ya baiskeli, ili watakaonipokea wanione nilivyopanga kuonekana: jezi ya njano, yenye picha kubwa ya kopo la rangi mgongoni, kaptula ya kubana, na kofia ngumu iliyoteleza ikakaa sikioni. Niliingia uwanjani nikipiga kengele.

Hapakuwa na baiskeli hata moja. Palikuwa na majembe, yameegemezwa ukutani, yametoka kuoshwa, yanachuruzika maji. Shemeji yangu alikuwa anakunja magunia matupu. Mke wangu alikuwa kwenye ndoo, ananawa miguu, udongo umemfika kwenye magoti. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni ananyoosha mguu wake mbaya. Wote walinitazama. Kisha mama mkwe akageuza uso ukutani, akamwambia binti yake, taratibu, ampe mumewe kitu cha kujifunga. Nikaletewa kitenge cha mke wangu. Nikajifunga juu ya kaptula ya kubana, nikaamkia tena upya, kama kwamba ile mara ya kwanza alikuja mtu mwingine.

Lakini nilikuwa bado sijaelewa, Mheshimiwa. Naomba ulipime hili uone ni kiasi gani kibao chenu kilinilevya. Nilimuuliza shemeji, mbele ya mama yake, kwamba baiskeli zenu mmeziweka wapi, si mlisema leo tunapanda. Shemeji alinitazama, akatazama majembe, akatazama kofia yangu. Akakaa juu ya magunia na kucheka mpaka akaanza kukohoa, na mama mkwe, bado kageukia ukuta, mabega yakaanza kumtikisika.

Mke wangu hakucheka. Ningetoa hata mashine zangu zote ili acheke. Alimaliza kunawa mguu mmoja, akanawa wa pili, akasema: "Tumeshapanda."

Nikamwambia nami nimepanda, tena mlima mzima, tangu asubuhi. Nikamwonyesha hata magoti yanavyotetemeka, kama ushahidi. Akajibu: "Mlima haukuhitaji kupandwa. Viazi ndivyo vilivyohitaji."

Sasa hapo ndipo penye dhuluma, na naomba wanasheria wenu wapaangalie. Lugha yetu imempa mtu neno moja, kupanda, na kwa neno hilo hilo mtu anapanda baiskeli, anapanda mlima, anapanda cheo, na anapanda viazi. Mimi nimefanya mawili kati ya hayo kwa siku moja, na mke wangu ameniandikia sifuri. Kama pale kibaoni mngeandika "endesha nasi", au "jitese nasi", mimi ningesoma ujumbe wa mke wangu kama mtu mwenye akili zake. Ningekwenda Ijumaa, kwa gari, na jembe. Nafsi yangu inaniambia kwamba nisingekwenda, kwamba Ijumaa ningekuwa darajani nakunywa chai. Lakini nafsi yangu si sehemu ya barua hii.

Usiku ule nilipewa chakula na mahali pa kulala kama mgeni. Neno hilo nalirudia: kama mgeni. Nilipewa taulo safi, Mheshimiwa, lile ambalo huwa halitolewi kwa watu wa nyumbani.

6. KUHUSU MTEREMKO WENYEWE, NILIPOUPATA

Asubuhi nilimuuliza mke wangu kama tunashuka. Akasema aliahidi kushuka nikija kupanda, na sikupanda, na magunia mengine ya mbegu yamebaki kwa ajili ya wiki ijayo. Basi nikaaga, nikakaa juu ya baiskeli, nikaielekeza mjini. Angalau, nilijiambia, sasa ule mteremko wa kibaoni ni wangu; nimeulipia.

Ninasikitika kuiarifu Idara kwamba mteremko nao umezidi. Nilipofika kwenye ukingo wa kwanza nikatazama chini, niliona kona zote zile za jana zimejipanga, na mji uko chini kabisa, mdogo wa kutosha kuwekwa mfukoni. Nilibana breki zote mbili nikiwa bado sijaanza kwenda. Kisha nikageuka, nikaisukuma baiskeli kurudi, nikaiegemeza kwenye mlango wa jiko la mama mkwe, kofia nikaitundika kwenye usukani, nikasema kwamba naiacha kidogo kwa ajili ya matengenezo.

Nilishuka na gari la kabichi. Dereva alizifunga kabichi kwa kamba, mimi hakunifunga, akasema mimi nina mikono. Kwa hiyo lalamiko langu la sita ni hili: mnaombwa mpunguze kupanda, na wakati huo huo mnaombwa mpunguze kushuka, na pande zote mbili nikifika niwe nimefika kwa heshima.

MAOMBI

Najua wahandisi wenu watasema mlima haupunguzwi. Naomba nijibu kwa uzoefu wa kazi. Mimi napunguza kila siku. Mteja anaingia kichwa kimejaa, kimesimama, watu wa nyumbani kwake wamekata tamaa. Namkalisha, nakanyaga chuma cha kiti, anashuka hadi usawa ninaoutaka, awe tajiri awe maskini, na kwa muda wa kikombe cha chai anatoka mtu mwingine. Kama kinyozi mmoja mwenye mashine mbili, moja haishiki chaji, anaweza hilo, idara nzima yenye matingatinga inashindwa nini?

Ninachoomba si kikubwa. Sisemi mlima unyolewe kipara, hapana. Tutaonekana mji usio na adabu. Naomba upunguzwe juu tu, pembeni uachwe, na kule mbele karibu na mji mchonge kidogo ili uso uonekane. Milima mingine ya jirani itakuwa inatazama, na kwa kuwa mwenzako akinyolewa chako kitie maji, nayo itajirekebisha bila kuisumbua Idara.

Kama hilo ni zito, basi ombi la pili: barabara iwe mteremko kwenda asubuhi, na jioni igeuzwe iwe mteremko kurudi. Kiti changu kinapanda na kushuka kwa mguu mmoja. Barabara ina idara nzima.

Na kama hilo nalo ni zito, basi nakuomba jambo moja, la mwisho, na hili naliomba bila utani. Niandikie cheti. Karatasi moja tu, yenye mhuri, iseme kwamba tarehe hiyo mlima ulikuwepo, ulikuwa mrefu, kibao kilikuwa na kosa, na mume aliyechelewa kufika shambani hakuchelewa kwa dharau. Nitampelekea mke wangu. Yeye haamini tena maneno yangu, lakini mihuri anaiheshimu.

Maana hali ilivyo, Mheshimiwa, nyumba imekuwa kubwa. Kabati la vyombo nimelirudisha sebuleni, na meza nimeirudisha, na viti vyote, nikaweka kila kitu pale alipokuwa amekiweka yeye. Kisha nikasimama katikati nikaona bado pana nafasi kubwa tupu, na siyo ya baiskeli. Nakula nimesimama, na si kwa sababu ya lalamiko namba nne peke yake. Wateja wananiambia siku hizi nanyoa kimya. Mwalimu mstaafu alisema jana kwamba tumbo limepungua, nikamshukuru, lakini sikufurahi. Namtaka mke wangu. Hayo ndiyo malalamiko yote kwa ufupi, na ningeyaandika kwa mstari mmoja, ila niliogopa kwamba mstari mmoja hautajibiwa na ofisi.

Naomba uniwie radhi kwa urefu wa barua. Mlima ndio ulioanza. Nisalimie wahandisi wote, makarani, mlinzi wa getini, na mpishi wa chai. Msalimie pia yule kijana wa kibaoni kama anaishi huko, umwambie nimemsamehe, ila afumbe mdomo anapokata kona. Na zaidi ya wote nisalimie mkeo, ambaye naamini yuko nyumbani.

Nabaki, mimi niliye chini kwa kila hali,

Kinyozi
(Gia kwa wateja, kwa sasa jina limesimamishwa)

N.B. Mheshimiwa, barua ilikuwa imeshakunjwa, na bahasha nimeilamba upande mmoja, kukatokea kelele barabarani. Nilidhani ni gari la kabichi limekatikiwa breki. Nilipotoka mlangoni nikaona baiskeli yangu inakuja kutoka mlimani kwa kasi ambayo mimi sijawahi kuipata hata kwenye ndoto. Watu wa sokoni walijitenga pande mbili. Juu yake alikuwepo mke wangu, kitenge kile kile amekifunga kiunoni, kofia yangu ngumu iko kichwani, imekaa sawasawa, na jembe limefungwa kwenye fremu kwa kamba. Alisimama chini ya kibao chenu, akaweka mguu mmoja chini, wala hakuwa anahema. Mwalimu mstaafu aliyekuwa kwenye kiti na sabuni nusu ya kidevu alipiga makofi.

Nilimuuliza mke wangu amefikaje. Akatazama barabara aliyotoka, akasema, "Kwetu ni mteremko tu."

Kisha akasema amekuja kunirudishia baiskeli, hana jingine. Nikasema asante. Akapita nyuma ya kibanda, akaingia nyumbani, akatazama sebule, kabati, meza, viti, akazunguka mara moja. Halafu akavua viatu, akaviweka nyuma ya mlango, pale vinapokaa siku zote. Kweli milima haikutani, Mheshimiwa. Lakini binadamu hukutana.

Kwa hiyo nakuomba kwa unyenyekevu mkubwa uichane barua hii. Mlima msiuguse, hata unywele mmoja. Mkiupunguza kidogo tu, kasi ile haitakuwepo, na mtu aliye juu atafikiri mara mbili kabla ya kushuka. Kibao nacho mkiache kama kilivyo. Nimehakikisha kwa macho yangu kwamba kwa upande anaotoka yeye kinasema kweli. Cheti pia hakihitajiki.

Kuna jambo dogo tu ambalo labda wataalamu wako wangenisaidia. Mke wangu amesema Jumamosi tunapanda, na safari hii tunakwenda pamoja. Baiskeli ni moja, jembe ni moja, na sisi ni wawili. Nimemuuliza ni nani atakayepanda nini. Hajanijibu bado, anapaka mnyororo mafuta.